Mrija Haujilindi: Mhadhara kwa Wazazi na Wahudumu wa Afya kuhusu Matatizo ya Upasuaji wa Kichwa Maji



Nimeombwa nizungumzie matatizo yanayofuata operesheni ya kumwekea mtoto mrija wa kutoa maji kichwani, ule ambao wazazi wengi huuita mpira. Nitakuwa na hoja moja tu jioni hii, na mengine yote yatakuwa ushahidi wake. Mirija huziba, hupata vijidudu, hukatika. Hilo hutokea Dar es Salaam na hutokea London. Watoto wetu wanatutoka zaidi kwa sababu ya muda unaopita tangu mrija uharibike hadi mtu wa kwanza atambue kwamba umeharibika. Muda huo unaweza kufupishwa, na wanaoweza kuufupisha wamo humu ukumbini.

Maji yasiyosimama

Ubongo hutengeneza maji usiku na mchana. Kwa mtu mzima hufikia takriban nusu lita kwa siku, ingawa yanayokuwemo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu. Maana yake ni kwamba maji hayo hubadilishwa yote mara tatu hivi kila siku. Hutoka zaidi kwenye vishada vya mishipa midogo ya damu ndani ya vyumba vinne vya ubongo, hupita njia nyembamba kutoka chumba hadi chumba, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunyonywa na kurudi kwenye damu. Njia ikifungwa, au unyonywaji ukishindikana, utengenezaji hausubiri. Kwa mtoto mchanga, ambaye mifupa ya fuvu haijaungana, kichwa hutanuka. Kwa mtoto mkubwa na mtu mzima, fuvu limekwisha kufunga, hivyo shinikizo lote huuangukia ubongo.

Wako wanaozaliwa na tatizo hili, na wengi wa watoto wenye mgongo wazi hulipata. Wako wanaolipata kwa uvimbe, au kwa damu kuvuja ndani ya ubongo, hasa waliozaliwa kabla ya wakati. Lakini katika ukanda wetu kuna chanzo kingine kikubwa. Daktari Benjamin Warf na wenzake, walipokuwa wakifanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, walichunguza watoto 300 na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Karibu asilimia 60 walikuwa wamepata kichwa maji baada ya maambukizi ya ubongo, na wengi wa hao waliugua ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha. Nawaomba wakunga na wauguzi wa wodi za wazazi walizingatie hilo. Homa ya kichanga mwenye umri wa siku kumi ni dharura. Kichanga huyo hatakiwi kurudishwa nyumbani na chupa ya dawa ya kutuliza homa.

Baba fundi na baba mwandishi

Mrija wenyewe ni kifaa rahisi kueleza. Ncha moja huwekwa ndani ya chumba cha ubongo. Hapo huunganishwa na vali, mlango mdogo unaofunguka shinikizo likifikia kiwango fulani na usioruhusu maji kurudi. Kutoka kwenye vali, mrija hupita chini ya ngozi, nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, hadi ndani ya tumbo, ambako maji hunyonywa na mwili. Mpasuaji huacha urefu wa ziada tumboni ili mtoto akue bila mrija kuwa mfupi upesi.

Kabla ya kupatikana vali ya kuaminika, watoto wengi wenye ugonjwa huu walikufa. Miaka ya 1950, katika eneo la Philadelphia nchini Marekani, fundi aitwaye John Holter alipata mtoto wa kiume, Casey, mwenye mgongo wazi na kichwa maji. Holter hakuwa daktari. Alisikia kutoka kwa mpasuaji Eugene Spitz kwamba kinachokosekana ni vali inayofunguka upande mmoja na kuvumilia kukaa mwilini, akaenda kuitengeneza. Alitumia silikoni, iliyokuwa malighafi mpya wakati huo, na mwaka 1956 vali yake ikaanza kuwekwa kwa watoto. Casey hakuishi sana, lakini vali ya baba yake iliokoa watoto katika nchi nyingi.

Miaka michache baadaye, Desemba 1960, mwandishi Roald Dahl alikuwa New York na familia yake. Teksi iligonga kigari cha mtoto wake Theo, aliyekuwa na umri wa miezi minne, na fuvu la mtoto likapasuka. Kichwa kikajaa maji, akawekewa mrija. Mrija ukaziba. Ukasafishwa, ukaziba tena, na kila ulipoziba mtoto alikuwa hatarini kufa au kupofuka. Dahl alimwendea Stanley Wade, fundi aliyekuwa akitengeneza injini ndogo za ndege za kuchezea, na mpasuaji Kenneth Till wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Watatu hao walibuni vali isiyoziba kirahisi kwa vipande vya tishu na damu. Walikubaliana kutochukua faida. Theo mwenyewe alipata nafuu kabla hajaihitaji, lakini maelfu ya watoto wengine waliitumia.

Nimewaeleza visa hivi ili wazazi waliomo humu wajue kwamba historia ya kifaa hiki imeandikwa kwa sehemu kubwa na wazazi. Walikuwa watu wasio na shahada ya udaktari waliokataa kukaa wakisubiri. Nanyi mna nafasi hiyohiyo, kwa njia nitakayoieleza.

Mrija unavyoharibika

Tatizo la kwanza kwa wingi ni kuziba. Vile vishada vya mishipa vinaweza kuota na kuingia kwenye matundu ya ncha ya juu. Protini, damu au usaha uliobaki baada ya maambukizi unaweza kuganda kwenye vali. Ncha ya chini inaweza kufunikwa na utando wa tumboni. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofuatilia watoto 344 waliowekewa mrija kwa mara ya kwanza, wakitumia vali za aina tatu tofauti. Ndani ya mwaka mmoja mirija ya takriban asilimia 40 ilikuwa imeshindwa, na ndani ya miaka miwili zaidi ya nusu. Hakuna vali kati ya zile tatu iliyozishinda nyingine. Hawa walikuwa watoto waliotibiwa katika hospitali zenye kila kitu. Kwa hiyo mzazi ambaye mrija wa mwanawe umeziba asijilaumu, wala asiambiwe kuna mtu aliyemloga.

Tatizo la pili ni maambukizi. Mara nyingi huanza wakati wa operesheni yenyewe, kwa bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu, na hujitokeza katika wiki au miezi michache ya mwanzo. Bakteria hao hujijengea utando juu ya silikoni, na dawa ikipita kwenye damu haiwafikii vizuri. Ndiyo maana antibiotiki peke yake kwa kawaida haitoshi. Hulazimika kuutoa mrija, kumwekea mtoto njia ya muda ya kutolea maji nje, kumtibu hadi maji yawe safi, kisha kuweka mrija mpya. Ni wiki kadhaa za kulazwa. Kinga ipo: watu wachache chumbani, glavu mbili, kutougusa mrija isipokuwa kwa vifaa safi, na antibiotiki kabla ya kupasua. Utafiti wa Uingereza na Ireland uliochapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa 1,605, ulionyesha kwamba mirija iliyotiwa antibiotiki ilipunguza maambukizi hadi asilimia 2, ikilinganishwa na asilimia 6 kwa mirija ya kawaida. Mirija iliyotiwa madini ya fedha haikuleta tofauti hiyo.

Tatizo la tatu ni maji kutoka kupita kiasi. Hapa kwetu mtoto mara nyingi huletwa kichwa kikiwa kimekuwa kikubwa sana na ubongo umebanwa ukawa mwembamba. Maji yakitoka haraka, ubongo husinyaa na kuachana na fuvu, mishipa midogo iliyo katikati huvutwa na kukatika, damu ikajaa hapo. Kwa wengine vyumba vya ubongo hubana hadi kuwa kama nyufa, na mtoto huumwa kichwa anaposimama au kukaa, akipata nafuu akilala. Watoto wa namna hii wana hatari moja ninayoomba madaktari vijana waikariri: mrija unaweza kuziba na picha ya siti skani ikaonekana ya kawaida, kwa sababu vyumba vimekakamaa, havitanuki tena. Picha ya leo isisomwe peke yake. Isomwe kando ya picha ya siku mtoto alipokuwa mzima.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Mtoto akikua, mrija unaweza kukatika shingoni au kuachana na vali. Eksirei za kichwa, shingo, kifua na tumbo huonyesha mahali ulipokatika. Maji yanaweza kujikusanya tumboni katika kifuko kimoja badala ya kunyonywa, tumbo likavimba. Watoto wa kiume wanaweza kupata ngiri au korodani kujaa maji. Kwa nadra sana ncha ya chini hutoboa utumbo na kutokeza kwenye njia ya haja kubwa. Mzazi akiuona, asiuvute wala asiukate. Amfunike mtoto kwa kitambaa safi na amkimbize hospitali yenye mpasuaji. Ngozi iliyo juu ya vali inaweza kuchubuka, hasa kwa mtoto aliyekonda na anayelazwa upande mmoja. Vali ikionekana nje, hata kama hakuna usaha, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Na kwa watoto wenye mgongo wazi, kufunga choo kwa muda mrefu huongeza shinikizo tumboni na kunaweza kuzuia maji kushuka. Kwa hiyo choo nacho ni sehemu ya matibabu ya mrija.

Homa inayoficha

Sasa nafika kwenye kiini cha mhadhara. Mrija ukiziba, mtoto mchanga hulia bila kutulia, hukataa kunyonya, hutapika, utosi huvimba na kukaza hata akiwa amekaa bila kulia, mishipa ya kichwani hujitokeza, macho huelekea chini weupe ukaonekana juu. Mtoto mkubwa huumwa kichwa, hasa asubuhi, hutapika, husinzia mchana, huona vitu viwili viwili, hurudi nyuma darasani, hubadilika tabia, hutembea kwa kuyumba. Mrija wenye maambukizi huongeza homa, na wakati mwingine wekundu kwenye njia ya mrija au maumivu ya tumbo.

Someni tena orodha hiyo mkijiweka nyuma ya meza ya zahanati yenye foleni ya watu arobaini. Homa, kutapika, kuumwa kichwa, kusinzia. Jina linalokuja ni malaria. Kipimo cha haraka kinafanywa, na katika maeneo yenye malaria nyingi kinaweza kusoma chanya kwa mtoto ambaye ugonjwa wake wa siku hiyo hautokani na malaria. Wadudu wanaweza kuwemo mwilini bila kuwa chanzo, na aina ya kipimo inayotumika zaidi inaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa. Mama anapewa dawa ya siku tatu na kurudi nyumbani. Siku ya nne mtoto haamki.

Muuguzi aliyefanya hivyo hakuwa mzembe. Alifuata mwongozo kwa watoto wote. Lakini mtoto mwenye mrija anahitaji kanuni yake, nayo ni fupi: kipimo chanya cha malaria hakiondoi mrija kwenye orodha ya washukiwa. Mtibu malaria, na wakati huohuo umpeleke kwenye rufaa. Usisubiri dawa ziishe ili uone. Tena, usimchome sindano ya mgongoni kutafuta homa ya uti wa mgongo kabla ya kuhakikisha kwamba shinikizo la kichwani linaruhusu, na usichome vali wala kuibonyezabonyeza kuipima. Kutoa maji kwenye vali ni kazi ya aliyefunzwa, kwa vifaa visivyo na vijidudu.

Umbali unazidisha hatari hiyo. Wapasuaji wa ubongo wamejikusanya zaidi katika hospitali na miji michache, kama hospitali za Muhimbili, Bugando na KCMC kwa Tanzania, Nairobi na Kijabe kwa Kenya, Mbale na Kampala kwa Uganda. Familia inayotoka kijijini kwenda huko huuza mbuzi au hukopa nauli, na kinamama wengi husafiri peke yao kwa kuwa baba ameshaondoka, akisema ukoo wake hauna watoto wa namna hiyo. Kila saa inayopotea zahanati huongezwa juu ya saa hizo za barabarani.

Je, vifaa ghali vingetuokoa?

Mara nyingi huulizwa kama watoto wetu wanakufa kwa kuwekewa mirija ya bei nafuu. Swali hilo limejibiwa hapahapa kwetu. Warf alilinganisha mrija wa Chhabra unaotengenezwa India, ambao bei yake wakati huo ilikuwa kama dola 35, na mrija wa kampuni kubwa ya Magharibi uliogharimu zaidi ya dola 600. Watoto 195 wa Uganda walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Matokeo hayakutofautiana kwa kiwango cha maana. Fedha tunazoweza kuokoa hapo zitatufaa zaidi kwenye ufuatiliaji.

Kilichobadilisha mambo zaidi Mbale ni njia isiyohitaji mrija. Mpasuaji huingiza kamera nyembamba ndani ya ubongo, hutoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia mpya, na kwa watoto wachanga huchoma pia vile vishada vinavyotengeneza maji. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya watoto wachanga 100 wa Mbale waliogawanywa kwa kura kati ya njia hii na mrija. Baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili haukuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili.

Njia hii nayo hushindwa, na haimfai kila mtoto. Umri, chanzo cha ugonjwa na hali ya njia za maji huamua. Lakini inaposhindwa, mara nyingi hushindwa katika miezi sita ya mwanzo, wakati mtoto bado yuko karibu na kliniki. Mrija unaweza kuziba mwaka wa kwanza, wa tano au wa kumi na tano. Kwa familia inayoishi mwendo wa siku nzima kutoka kwa mpasuaji, tofauti hiyo ni kubwa mno. Ndiyo maana naomba kila hospitali yetu ya rufaa inayoweka mirija iwe pia na vifaa na mafunzo ya njia hii, ili mtoto apewe mrija pale tu anapouhitaji kweli.

Tunachotakiwa kufanya

Kwa wazazi. Kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, dai karatasi yenye mambo manne: aina ya vali, tarehe ya kuwekwa, upande uliowekwa, na namba ya simu ya wodi. Hifadhi picha ya siti skani iliyopigwa mtoto akiwa na hali nzuri, na uibebe kila safari. Mpimie mzingo wa kichwa kila mwezi kwa utepe na uandikwe kwenye kadi ya kliniki. Usikubali chale wala dawa ya kupaka juu ya vali. Mtoto akihitaji operesheni yoyote ya tumbo, mweleze daktari kwamba kuna mrija. Mwalimu wake naye aambiwe, maana usingizi wa darasani au alama zinazoshuka ghafla zinaweza kuwa dalili ya kwanza. Jiungeni na vyama vya wazazi wa watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Mama aliyekwisha kupita njia hiyo humtambulisha mwenzake dalili upesi kuliko bango lolote.

Kwa wahudumu wa zahanati. Shika kichwa cha kila mtoto mwenye homa, na upapase nyuma ya sikio. Ukikuta mrija, uliza swali moja: mama, siku mrija ulipoziba mara ya mwisho, mtoto alianza hivi? Andika jibu lake kwenye barua ya rufaa, na upige simu kabla gari halijaondoka.

Kwa madaktari na wakuu wa hospitali. Mtoto mwenye mrija na dalili asipange foleni ya kliniki ya wiki ijayo. Awe na njia yake ya dharura, usiku na mchana, na deni la kulazwa kwa mara ya kwanza lisiwe sababu ya kumchelewesha kwa mara ya pili.

Kwa wanaopanga sera. Kinga ni nafuu kuliko yote niliyoyataja. Mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia kabla mwanamke hajashika mimba, hupunguza sana uwezekano wa mgongo wazi, na kwa hiyo hupunguza idadi ya watakaohitaji mrija. Kwa kuwa wanawake wengi hujua wana mimba wakati uti wa mgongo wa mtoto umekwisha kujifunga, au kushindwa kujifunga, vidonge vya kliniki ya wajawazito huwa vimechelewa. Kirutubisho hicho lazima kiwe ndani ya unga wanaokula kila siku, pamoja na ule unaosagwa kwenye mashine ndogo za vijijini ambako urutubishaji haufiki kwa urahisi.

Mabibi na mabwana, hatutapata hivi karibuni mrija usioziba. Nchi tajiri zimekuwa zikiutafuta tangu enzi za Holter. Tunachoweza kupata mwaka huu, bila kusubiri fedha za mtu, ni kubadilisha namna mama anavyopokelewa. Mama wa mtoto mwenye mrija amemtazama mwanawe kila asubuhi tangu siku ya operesheni, na anajua analalaje, ananyonyaje, analiaje. Akifika mlangoni na kusema, "Daktari, huu mpira wa mwanangu haufanyi kazi," aaminiwe kwanza. Vipimo vifuate, na barua ya rufaa iandikwe wakati huohuo.